Ghorofa Tupu Juu ya Maduka Yetu: Kwa Nini Zimefungwa, na Vipi Zaweza Kuwa Nyumba Tena

Siku moja ukimaliza shughuli zako Biashara Street au Digo Road, simama pembeni usije ukagongwa na mkokoteni, kisha inua macho juu ya vibao vya maduka. Chini kuna leso, mashuka, viatu, simu na makelele ya biashara. Juu kuna madirisha yaliyopigiliwa misumari, roshani zilizooza mbao, na njiwa. Rudi hapo hapo saa tatu za usiku. Chini kumefungwa, na juu hakuna taa hata moja.

Sisi watu wa kisiwani tumezizoea ghorofa hizi hata hatuzioni tena. Tunalalamika kwamba nyumba hazipatikani na kodi hazishikiki, na kila mwaka tunawaaga vijana wetu wanaohamia Kisauni, Likoni na Mtwapa. Wakati huo huo juu ya vichwa vyetu mna vyumba vyenye kuta, sakafu na paa, dakika tano kwa miguu kutoka Marikiti, na havina mtu.

Leo nataka kueleza kwa nini vyumba hivyo vimefungwa na ni hatua gani zinazoweza kuvifungua. Sielezi kama mtaalamu wa majengo, kwa kuwa sina ujuzi huo. Naeleza kama mmoja wa warithi wa nyumba ya namna hiyo, nyumba ambayo mwaka huu imetulazimu tuiamulie: tuiuze ivunjwe, au tuifufue.

Duka chini, watu juu

Babu yangu mzaa mama alikuwa na nyumba ya ghorofa moja katika uchochoro usio mbali na Biashara Street. Chini palikuwa na duka la vitambaa. Juu aliishi yeye, bibi yangu na watoto wao saba. Mamangu alizaliwa darini humo.

Huo ndio uliokuwa mtindo wa mji wote, si wetu peke yetu. Wafanyabiashara wa Kihindi, Wahadhrami, Mabaluchi na Waswahili wenyewe walijenga hivyo hivyo: mlango wa duka mbele, na mlango mwengine mdogo kando unaopanda ngazi hadi nyumbani. Mwenye duka alishuka asubuhi kufungua, akapanda kula chakula cha mchana na kupumzika, akashuka tena alasiri. Usiku mji ulikuwa na macho. Mtu akipita uchochoroni, kuna bibi dirishani anayemjua yeye na wazazi wake.

Mtindo huo ulikufa taratibu. Familia ziliongezeka, vyumba vikawa vidogo. Waliopata uwezo walijenga Kizingo, Tudor au ng'ambo ya daraja Nyali. Wengine walikwenda Ghuba na Ulaya. Lakini biashara ilibaki pale pale, na hapo ndipo duka lilipoanza kuila nyumba. Mpangaji wa dukani aliomba chumba kimoja cha darini aweke marobota. Kisha akaomba cha pili. Mwishowe akaambiwa chukua dari yote, hakuna anayekaa.

Kwetu mambo yalikwenda zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mpangaji alitaka kulipanua duka. Ukuta uliotenga duka na ngazi ukavunjwa, mlango mdogo wa uchochoroni ukazibwa kwa mawe, na ngazi ikawa ndani ya duka, nyuma ya kaunta. Siku ile nyumba ya juu haikuvunjwa, ila ilinyang'anywa mlango, na nyumba isiyokuwa na mlango wake si nyumba tena.

Mlango huo naomba msomaji aukumbuke, maana nitaurudia.

Mji unaopoteza watu wake

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta Kaunti ya Mombasa ina watu 1,208,333. Katika hao, waliokuwa Mvita, yaani kisiwani, ni 154,171 tu. Ni kama mtu mmoja katika kila wanane. Bandari, ofisi za serikali, hospitali kuu, mahakama na masoko makubwa viko kisiwani, lakini watu saba katika wanane wanalala nje. Kila alfajiri wanavuka kuja, kila magharibi wanavuka kurudi. Foleni ya feri na msongamano wa daraja la Nyali chanzo chake kimojawapo ni hicho.

Katika warithi wenzangu yumo binti wa marehemu mjomba wangu. Ni muuguzi kisiwani na amepanga ng'ambo ya Likoni. Zamu yake ikianza asubuhi, huswali alfajiri akiwa ameshavaa viatu. Anarudi watoto wameshalala. Ana hisa katika nyumba iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kazini kwake, na nyumba hiyo wanakaa njiwa.

Nilimuuliza mamangu mdogo kwa nini miaka yote hii hakuna aliyelisemea jambo hili. Akanijibu: "Mwanangu, nyumba hini haina mtu. Ina wenyewe tu."

Sababu ya kwanza: mirathi isiyogawanywa

Maneno ya mama mdogo ni mazito, na naamini yanaeleza nusu ya ghorofa tupu za mji huu. Acheni nipige hesabu yetu hadharani, huenda ikafanana na yenu.

Babu alipofariki aliacha mke, watoto wa kiume watatu na wa kike wanne. Kwa sheria yetu mke hupata thumuni, na kinachobaki hugawanywa mwanamume akapata mafungu mawili na mwanamke moja. Tukiifanya nyumba kuwa hisa 80, bibi alipata 10, kila mtoto wa kiume 14 na kila wa kike 7. Bibi alipofariki, hisa zake 10 zikarudi kwa watoto wake: wa kiume wakawa na 16 kila mmoja, wa kike 8.

Baadaye mjomba mmoja akafariki. Mkewe akapata 2 katika zile 16, watoto wake watatu wa kiume 4 kila mmoja, na binti 2. Kisha mamangu akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika hisa zake 8, babangu ana robo, yaani 2. Mimi na ndugu yangu tuna 2 kila mmoja, na dada zetu wawili wana moja moja.

Leo nyumba moja ya ghorofa moja ina wenyewe kumi na watano. Mimi nina sehemu moja katika arubaini, kipande kisichotosha hata kuweka kitanda. Mjomba mmoja yuko Maskati. Kodi ya duka ikigawanywa kumi na tano hainunui hata gunia la mchele, na kwa hiyo hakuna anayeona faida ya kuhangaika. Wa kutaka kutengeneza anaogopa kutumia pesa zake kwenye mali ya wengine. Wa kutaka kuuza hawezi peke yake. Na kila mwaka unaopita, mtu hufariki na hesabu huzidi kugawanyika.

Sheria ya mirathi yenyewe haina lawama hapa. Imetupa hisabu iliyo wazi, kila mtu na haki yake, mpaka mtoto wa kike ambaye mila nyingi zingemnyima. Tulilolikosa ni kuitekeleza kwa wakati. Tuliona aibu kuitaja mirathi wakati msiba bado mbichi, na ulipokauka tukasahau. Hata njia ya kutokea ipo ndani ya fiqhi: takharuj, yaani mrithi mmoja kutoka kwenye mirathi kwa kupewa badala yake kwa ridhaa. Wenye hisa ndogo wanaweza kulipwa wakatoka, nyumba ikabaki na wenyewe wachache wanaoweza kukaa meza moja.

Almuhimu, hatua ya kwanza ya kuifungua ghorofa si fundi. Ni kwenda Mahakama ya Kadhi ikathibitishwe ni nani warithi na kila mmoja ana fungu gani, kisha wote wakamteua mmoja kwa maandishi kuwa wakala wao. Bila karatasi hiyo, hakuna benki, mpangaji wala ofisi ya kaunti itakayojua izungumze na nani.

Sababu ya pili: mpangaji wa chini

Mpangaji wetu wa dukani ni mtu mwema. Amekuwa hapo tangu zama za babu na kodi hailali. Mkataba wake hata hivyo ulikuwa wa mdomo, kama ilivyokuwa desturi ya wazee: mkono kwa mkono, mbele ya kikombe cha kahawa.

Wengi hawajui kwamba makubaliano ya mdomo yana nguvu kubwa kisheria. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji inayohusu maduka na hoteli, Sura ya 301, inalinda upangaji wowote wa duka usio na mkataba ulioandikwa, na hata ulioandikwa ikiwa muda wake hauzidi miaka mitano. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji wala kubadilisha masharti kwa kumwambia tu. Lazima atoe ilani kwa fomu maalumu, ya muda usiopungua miezi miwili, na mpangaji ana haki ya kuipinga mbele ya baraza la kodi za biashara. Ikiwa dari ilikuwa sehemu ya makubaliano, basi na dari nayo imo ndani ya ulinzi huo.

Ongeza hapo gudwili, au kilemba kama walivyokiita wazee. Mtu aliyetoa pesa nyingi kuingia dukani huhesabu kwamba amenunua na ghorofa. Kwa hivyo anayedhani ataingia na nyundo kesho asubuhi, atangulie kwanza kwa salamu. Mara nyingi suluhu ni rahisi kuliko kesi. Sisi tulikwenda kwa mpangaji wetu watu watatu, baada ya Isha. Jibu lake lilikuwa swali: "Nikiwapa darini, ngazi mtapandia wapi? Kwenye kaunta yangu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Hakuna mfanyabiashara atakayekubali familia ya watu sita ipite katikati ya bidhaa zake saa tano za usiku. Na hakuna familia yenye kutaka sitara itakayokubali kuingia nyumbani kwa kupitia dukani kwa mtu.

Basi tukamleta fundi. Akaugonga ukuta wa uchochoroni kwa kifundo cha nyundo, mahali alipotuonyesha mama mdogo. Sauti ikabadilika. Mlango wa babu ulikuwa bado upo, umezibwa kwa safu moja ya mawe, na kizingiti chake cha mbao kimo ndani. Kuurudisha kutalipunguzia duka upana wa mita moja na kidogo. Hilo ndilo tunalopaswa kulijadili na mpangaji: fidia ya mita moja ya duka kwa nyumba nzima ya juu.

Wenzetu walifanya nini

Tatizo hili si letu peke yetu. Uingereza miji ya zamani imejaa ghorofa tupu juu ya maduka, na chanzo kinafanana: milango ya kando ilizibwa ili vioo vya duka vitanuke. Mwaka 1989 mama mmoja aitwaye Ann Petherick alianzisha huko mradi ulioitwa Kuishi Juu ya Duka. Aligundua kwamba wenye majengo hawakatai pesa. Wanakiogopa kitu kimoja: mpangaji wa nyumbani ambaye hawataweza kumtoa baadaye.

Dawa yake ilikuwa kuweka mtu wa kati. Mwenye jengo aliikodisha ghorofa kwa mkataba wa kibiashara kwa shirika la nyumba, kwa muda maalumu. Shirika ndilo lililopangisha watu wa kukaa, likakusanya kodi, likatengeneza vilivyoharibika, na muda ukiisha likairudisha ghorofa kwa mwenyewe. Mwenye jengo hakuwa na haja ya kumjua mpangaji wala mpangaji kugombana naye.

Ireland walijaribu njia ya kupunguza karatasi. Mwaka 2018 walitoa kanuni zilizoruhusu majengo ya biashara yaliyokaa tupu, pamoja na ghorofa za juu ya maduka, kugeuzwa kuwa makazi hadi tisa bila kuomba kibali cha mipango. Masharti ya usalama na moto hayakuondolewa.

Hapa kwetu sheria za watu hatuwezi kuzibeba jinsi zilivyo. Lakini wazo la mtu wa kati linatufaa kuliko linavyowafaa wao, maana sisi hatuna mwenye jengo mmoja mwenye hofu. Tuna warithi kumi na watano. Mtu huyo wa kati anaweza kuwa ushirika wa akiba, kamati ya msikiti yenye uzoefu wa kusimamia nyumba, au Kamisheni ya Wakfu kwa nyumba ambazo ni wakfu. Achukue ghorofa kwa mkataba ulioandikwa wa miaka kadhaa, aitengeneze, ajilipe gharama kutoka kwenye kodi, kinachobaki kigawanywe kwa hisa.

Kuhusu pesa za matengenezo, si lazima kuingia katika riba. Benki za Kiislamu zipo nchini tangu mwaka 2008 na zina njia za ushirika wa mali. Pia ipo njia ya zamani ya Mombasa: mpangaji anatengeneza kwa pesa zake na kukatiwa kodi mpaka deni liishe. Muhimu iandikwe, na kila risiti ihifadhiwe. Ugomvi mwingi wa njia hii hutokana na mfuko wa saruji ambao hakuna aliyeandika nani alinunua.

Vibali, kwa ufupi

Kugeuza stoo au ofisi kuwa makazi ni mabadiliko ya matumizi. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, lazima upate idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuanza kazi. Usidanganywe kwamba ndani ya nyumba yako ni siri yako.

Kama nyumba iko Mji wa Kale, liko jambo la pili. Eneo hilo lilitangazwa hifadhi mwaka 1990, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa lazima ihusishwe kabla hujagusa roshani, mlango wa nakshi au rangi ya ukuta wa nje. Wengi wanaiona ofisi hiyo kama kizuizi. Ushauri wangu ni kwenda mapema, na michoro mkononi, kabla fundi hajaanza. Ukienda baada ya kuvunja, utakuta mlango umefungwa kweli.

Na kwa familia zinazotaka kugawana kabisa, ipo sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo. Inaruhusu ghorofa moja kuwa na hati yake, mbali na duka la chini, huku ngazi na paa vikiwa vya wote. Kwa mirathi hili ni jambo kubwa. Tawi moja la familia linaweza kuchukua duka na jengine nyumba, badala ya kuuza vyote kwa sababu havigawanyiki.

Jengo lenyewe

Nyumba nyingi za mitaa ya zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo hazina urefu mkubwa, ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Kabla ya jengine lolote, mhandisi aangalie ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Katikati huonekana nzima, na ndani ya ukuta zimeoza kwa unyevu au zimeliwa na mchwa.

Watu huuliza kama sakafu ya zamani itabeba familia. Jibu hushangaza: mara nyingi familia ni nyepesi kuliko mali. Vipimo vya Kiingereza vilivyozoewa na wahandisi huhesabu sakafu ya makazi kwa uzito wa kama kilo 150 kwa mita mraba, na ya duka kilo 400. Marobota ya vitambaa yaliyopangwa hadi darini yanaweza kuuzidi uzito wa watu, vitanda na makabati yao. Hatari hasa iko kwingine: tangi la maji. Lita moja ni kilo moja, na tangi la lita 5,000 ni tani tano zilizosimama mahali pamoja. Mji huu hauishi bila tangi, kwa kuwa mfereji hutoa maji siku unayotaka wenyewe. Tangi kubwa liwekwe chini, juu papandishwe dogo tu, tena juu ya ukuta mnene na si katikati ya boriti.

Kuta za chokaa zinahitaji kupumua. Fundi atakayezipiga plasta ya saruji atakuwa amefungia unyevu ndani, na miaka michache baadaye ukuta utamwaga chumvi na boriti zitaoza. Chokaa hutengenezwa kwa chokaa. Na choo kiwekwe mahali maji taka yanaposhuka wima kwa nje, si kwa mabomba yanayopita juu ya bidhaa za mpangaji. Bomba moja likipasuka juu ya marobota ya hariri, urafiki wote umekwisha.

La mwisho ni moto, na hapa sina mzaha. Duka la vitambaa chini, ngazi ya mbao, mitungi ya gesi juu: hayo yakikutana bila mpango ni kaburi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja jikoni darini hushuka chini, mpaka dukani. Ngazi lazima itengwe na duka kwa ukuta wa mawe, si ubao. Stima ya juu iwe na mita yake na nyaya mpya. Na dirisha moja, hata likiwa na chuma, liwe na chuma kinachofunguka kwa ndani. Tumezika watu mji huu kwa sababu ya madirisha yasiyofunguka.

Wanaopinga wana hoja

Nimesikia hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba mtaa wa biashara haufai watoto: kelele, malori, mahali pa kucheza hakuna. Ni kweli kwa baadhi ya mitaa. Hata hivyo si kila ghorofa lazima iwe ya familia yenye watoto wanne. Wapo wauguzi, walimu vijana, maharusi wapya, wazee wanaotaka kuwa karibu na msikiti na hospitali.

Ya pili ni kwamba zikitengenezwa hatutazikaa sisi. Zitageuzwa vyumba vya wageni wa siku mbili tatu, na uchochoro uliokuwa na heshima ujae masanduku ya magurudumu. Hofu hii ninayo mimi pia. Dawa yake ni masharti ndani ya mkataba na mtu wa kati: makazi ya mwaka mmoja au zaidi. Wakala wa warithi anayetaka kuvunja sharti hilo, avunje mbele ya warithi wote.

Ya tatu ndiyo nzito: kuvunja na kujenga ghorofa nane kunaleta nyumba nyingi zaidi. Tumeona majumba mapya ya Buxton, na sitadai kwamba dari za zamani zinaweza kushindana nayo kwa idadi. Lakini jumba jipya linataka mtaji, kiwanja na miaka. Ghorofa iliyopo inataka mlango, boriti chache na saini. Na anayeuza nyumba ya mirathi ili ivunjwe huuza mara moja tu. Mgao wa pesa huliwa, na wajukuu hawana tena pa kurudia mjini.

Tulipofika

Mnunuzi wetu ametupa mpaka mwisho wa mwaka. Bei yake si mbaya, na sitawalaumu ndugu wanaoitaka. Mmoja ana mtoto wa kusomesha, mwengine ana deni la hospitali. Kwao hisa mbili katika themanini si historia, ni karo.

Baada ya vikao vitatu, kumi na mmoja kati yetu tumetia saini kumteua wakala na kufungua mlango wa uchochoroni. Wanne bado. Wawili katika hao tumewapa takharuj: walipwe hisa zao kwa bei ya mnunuzi huyo huyo, watoke kwa heri. Pesa hizo zitatolewa na binti wa mjomba kutoka akiba yake, na hisa zao ziwe zake. Naye ndiye atakayekaa juu, kwa kodi itakayogawanywa kama nyengine. Mjomba wa Maskati amesema atajibu baada ya kuzungumza na watoto wake. Wa nne hasemi kitu.

Ikiwa nanyi mna dari iliyofungwa mahali, msingoje mnunuzi awaamshe. Mwulizeni mzee aliyebaki, leo, si baada ya hitima yake: nyumba hii ya nani na nani, hati iko wapi, makubaliano na mpangaji yalikuwaje, na mlango wa zamani ulikuwa upande gani. Mama mdogo ana miaka themanini na mbili. Kama si yeye, fundi wetu angeligonga ukuta mzima.

Wabillahi tawfiq.